"Lugha Itaingia Yenyewe" na Dhana Nyingine za Wanaokwenda Mafunzoni Hispania

Kila kundi ninaloliandaa kwenda Hispania kwa mafunzo kwa vitendo halikosi mtu wa kuniambia: "Mimi nimepangiwa mji mdogo, huko Kiingereza hakuna, kwa hiyo lugha itaingia yenyewe." Nimechoka kuisikia.

Haiingii. Mji mdogo unakupa nafasi tu, na nafasi hiyo ina saa zake. Asubuhi, kama saa nne na nusu, wafanyakazi huteremka baa ya jirani kunywa kahawa na kula mkate wa kuchoma uliomiminiwa mafuta ya zeituni. (Baa ya huko si kilabu cha pombe, bibi na wajukuu wake wamo.) Chakula cha mchana ni saa nane. Maduka mengi hufungwa hadi saa kumi na moja, kisha hufunguliwa tena mpaka saa mbili au mbili na nusu usiku. Jua likipoa watu hutoka kutembea, wanapanda na kushuka barabara ileile wakisalimiana, na chakula cha usiku huliwa saa tatu, hata saa nne.

Sasa mtazame kijana wetu. Saa sita mchana amekula wali wake peke yake. Saa moja jioni amejifungia chumbani, yuko kwenye simu ya video na nyumbani. Saa nne usiku amelala, na uwanja wa mji ndio kwanza unachangamka. Halafu ananiandikia kwamba watu wa kule hawana ukarimu. Ukarimu wa wapi, na hamjakutana?

Ushauri wangu siubadilishi: siku za kazi usipike mchana. Kula menú del día, yaani vyakula viwili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei moja, tena ukae na wenzako wa kazini. Ukiingia buchani au kituo cha afya usitafute mstari, kwa sababu mara nyingi haupo. Salimia wote waliomo, uliza "¿Quién es el último?", nani wa mwisho, atakayejibu ndiye unayemfuata. Hapo utaanza kuulizwa umetoka wapi na unakaa kwa nani, na hayo ndiyo masomo yenyewe. Lakini panda ndege ukiwa umeshafika angalau kiwango cha A2 cha Kihispania, yaani uweze kujieleza katika mambo ya kila siku. Andalusia, kusini mwa nchi, wanameza "s" za mwisho wa maneno, hawatakusubiri.

"Wanalala mchana, kazi ni chache." Anayefunga duka saa nane ndiye anayelifunga tena usiku. Halafu saa ya Hispania iko mbele ya jua: tangu 1940 nchi inafuata saa ya Ulaya ya Kati, ingawa sehemu yake kubwa iko magharibi ya Greenwich. Mwezi Julai pale Cáceres, mji wa magharibi mwa nchi, jua hufika utosini kama saa nane na nusu. Nani atafyeka shamba saa hiyo?

"Hispania ni flamenko na mapigano ya fahali." Nenda Galicia, kaskazini-magharibi, ukasikilize zumari za mifuko, na usishangae mji mzima ukizungumza Kigalisia, lugha yao wenyewe.

"Viza ya utalii itatosha, nitarekebisha nikifika." Hapana. Mafunzo ya zaidi ya siku 90 yanataka viza ya muda mrefu, nayo huombwa kabla ya kusafiri. Ukishafika na kupata chumba, nenda ukajiandikishe manispaa. Sitaki maswali.

"Nianze Agosti, nitakuwa likizo ya chuo." Agosti mabosi nao wako likizo, na ofisi ambazo hazijafungwa nyingi hufanya kazi asubuhi tu. Mji wenyewe hufurika waliohamia Madrid na Barcelona, wamerudi kwao kwa sikukuu. Karamu utapata, kazi hutapata. Omba Oktoba, na kama umepangiwa mkoa wa Jaén, Novemba itakukuta kwenye mavuno ya zeituni, msimu ambao mji mzima una la kuzungumza.