Karatasi ya Baraza: pale kesi za talaka zinapokwama

Juzi aliingia ofisini mama mmoja kutoka Mbagala na bahasha ya kaki kwapani. Akamwaga mezani picha za harusi, risiti za mabati na nondo, na karatasi moja ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, iliyokunjwa mara nne.

"Wakili, Baraza wamesharuhusu. Sasa nataka talaka yangu na haki yangu kwenye nyumba."

Nikaikunjua. Mwandiko wa peni ya bluu, muhuri umekaa upande: wahusika wamefika, hawakuelewana kuhusu nyumba, waende mahakamani. Tarehe ni ya miezi minane iliyopita.

Karatasi kama hiyo inaweza kabisa kupita dirishani kwa karani, na hapo ndipo ninapoogopa. Kesi itasikilizwa, mashahidi watakuja, hukumu itasomwa. Halafu kwenye rufaa mtu ataifukunyua, na mwenendo wote utafutwa kwa sababu shauri lilifunguliwa kabla ya wakati wake. Mnarudi sifuri, na nauli zimeshaliwa.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya 1971, hakiruhusu mtu kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujafikishwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza la kata linaweza kufanya kazi hiyo, na jumuiya za dini nazo zina mabaraza yao. Kinachotakiwa ni hati, siyo barua ya "tumewaruhusu". Hati iseme wazi kuwa usuluhishi umeshindikana, na siku unapofungua shauri iwe haijapitisha miezi sita. Ya mama huyu ilikuwa na kasoro zote mbili: inazungumzia nyumba tu, na imechacha.

Mimi kwenye Baraza sina nafasi. Sheria imewazuia mawakili kuwasemea watu pale, na kwa kweli naona ni sawa. Tukiingia sisi, suluhu inatoka mlango wa nyuma.

Zipo hali ambazo mahakama inakuachia usipite huko: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, amefungwa miaka mitano au zaidi, au ameitwa na Baraza akagoma kwa makusudi. Hiyo ya mwisho ndiyo naikuta sana Dar. Mume anasema "sina muda wa mambo ya kata", anadhani amelifunga jambo. Hajalifunga. Ila lazima uoneshe kwamba aliitwa.

Wateja wangu Waislamu huniuliza kuhusu talaka iliyotamkwa nyumbani, siku hizi hata kwa meseji. Kifungu cha 107 kinaitambua, lakini kina mpangilio wake: Baraza lishindwe kwanza na kuthibitisha hivyo, ndipo itendeke ile hatua inayovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu. Hapo mahakama inaona ndoa imevunjika na kutoa amri. Wengi wanaanza na mwisho.

Kwa wengine, hakimu anajiuliza jambo moja: ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa miaka mitatu, vyote ni ushahidi wa jibu hilo. Kukubaliana kwenu kwamba mmechokana, peke yake hakutoshi. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Shauri unaweza kulianzia Mahakama ya Mwanzo, na watu wengi huanzia huko. Kwa Dar, kipo pia Kituo Jumuishi cha mahakama cha masuala ya familia, Temeke.

Sasa nyumba. Kifungu cha 114 kinagawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kuwa mchango. Watu huitaja kesi hiyo wakasahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana alishapewa fedha za mradi wa familia na kuzitapanya. Kwa hiyo hakuna nusu kwa nusu ya kuzaliwa nayo. Mama wa Mbagala ana miaka kumi na mmoja ya kupika, kulea na kuuza maandazi. Tukakaa kupanga risiti zake mwaka kwa mwaka. Tatu za mabati zina jina la shemeji yake, maana ndiye aliyetumwa dukani. Shemeji huyo itabidi awe shahidi, na bado hajaambiwa.

Wakati huo nyumba isiuzwe. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, lakini mnunuzi hataona ndoa yako kwenye hati ya kiwanja. Kama nyumba imesajiliwa, weka zuio kwa Msajili wa Hati mapema.

Alhamisi alirudi Baraza kuanza upya. Mumewe hakutokea. Wamepangiwa tarehe nyingine, na safari hii nimemwambia aje na nakala ya wito, yenye sahihi ya aliyeupokea.