Mpini wa Kerisi Hautaji Bapa Lilikotoka

Asili ya mpini wa kerisi, lile jambia la Indonesia ambalo UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ni eneo ambalo mpini huo ulichongwa kwa mtindo wake. Maana yake inaishia hapo wala haifiki kwenye bapa, yaani ubamba wake wa chuma wenye makali. Hata hivyo, kila inapoonekana kerisi yenye mpini wa dhahabu wa Kibali, yaani wa mtindo wa kisiwa cha Bali, huandikwa papo hapo kuwa ni "kerisi ya Bali", kana kwamba mpini na bapa vilitoka karakana moja.

Mpini wenyewe kwa kweli husema mengi. Ule wa Java ya Kati ni wa mbao, mwembamba, umepinda kidogo, na ukiutazama upande wa ndani utaona vipande viwili vidogo vya nakshi, kimoja chini na kingine juu, huku sehemu iliyobaki ikiwa laini kabisa. Madura huujaza majani na maua. Bali huupenda mkubwa, mara nyingi sanamu ya mungu au ya zimwi. Wabugis wa Sulawesi Kusini huupinda kama kichwa cha ndege. Jina nalo laweza kupotosha, kwani mpini uitwao jawa demam, yaani Mjava mwenye homa, mfano wa mtu aliyejikunyata akikumbatia tumbo lake, ni wa Sumatra na rasi ya Malay.

Kinachosahaulika ni jinsi mpini unavyoshikamana na bapa. Bapa huishia kwenye mkia mwembamba wa chuma, peksi, ambao huko Java huviringishiwa kitambaa au nywele kisha ukashindiliwa ndani ya tundu la mpini, bila msumari wowote. Ukiuzungusha taratibu, unachomoka. Mabapa yalirithiwa, yalitolewa zawadi, yalitekwa vitani na kuuzwa kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kila aliyelipata alilivika mpini na ala za kwao. Ndiyo maana bapa lililofuliwa Java laweza kukutwa Sumatra likiwa na mpini wa Kibugis, na hakuna udanganyifu wowote hapo.

Kwa hiyo anayeandika maelezo ya kerisi namwomba aseme "kerisi yenye mpini wa Kibali", kisha bapa alichunguze peke yake: la Bali kwa kawaida ni refu, zito na limesuguliwa likawa laini, ilhali la Java huwa na uso wa kukwaruza, chuma chake kikiwa kimetiwa weusi kwa kemikali ya aseniki.