Kwa nini gitaa la Master of Reality linanguruma chini vile?

Mashabiki wa muziki wa metali wana jibu moja walilolizoea: ni ile ajali ya kiwandani. Gitaa la Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath linanguruma chini vile katika albamu ya Master of Reality, iliyotoka Julai 1971, kwa sababu alikatika vidole. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila haliendi mbali.

Ajali ilitokea kweli. Iommi, kijana wa Birmingham nchini Uingereza, alikuwa na miaka 17 mashine ya kukandamiza bati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Kwa kuwa hupiga gitaa kimashoto, mkono huo ndio unaobana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole na kuvivika ngozi. Nyuzi nene zilimshinda, akafunga nyembamba za banjo.

Sasa angalia tarehe. Mwaka 1970 Black Sabbath walitoa albamu mbili: ya kwanza yenye jina la bendi, kisha Paranoid. Vidole ni vilevile, vifuniko ni vilevile, na gitaa limetuniwa kawaida, yaani nyuzi zimekazwa kwa kiwango cha kila siku. Kama ajali ingekuwa maelezo yote, ngurumo ile ingesikika tangu mwanzo. Ni katika albamu ya tatu, kwenye “Children of the Grave”, “Lord of This World” na “Into the Void”, ndipo Iommi alipolegeza nyuzi zote kwa nusu-toni tatu (nusu-toni ni hatua moja ndogo kutoka noti hadi noti jirani). Geezer Butler, mpigaji besi wa bendi, naye akalishusha gitaa lake lilingane. Maumivu yalimpa Iommi sababu ya kutaka nyuzi laini, lakini hatua yenyewe ilikuwa uamuzi wa mwanamuziki aliyekwisha kurekodi vizuri bila kuihitaji.

Bangi nayo hupewa sifa isiyo yake. Wimbo wa kwanza, “Sweet Leaf”, unaisifu waziwazi, tena unafunguliwa na kikohozi cha Iommi mwenyewe, na jina la stoner metal, mtindo wa metali uliofuata nyayo za sauti hii, linatokana na uvutaji huo. Hayo ni maudhui. Chanzo cha sauti ni mvutano wa uzi.

Chukua kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa imekazwa, ukiipiga hutikisika upesi na kwa mwendo mfupi. Ilegeze, uipige kwa nguvu ileile: sasa inakwenda mbali juu na chini, tena taratibu. Uzi mnene wa gitaa lililotuniwa kawaida hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Ukishushwa nusu-toni tatu, hutetemeka mara 69. Pengo linaonekana dogo. Lakini mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mvutano, kwa hiyo kupunguza mitetemo kwa asilimia 16 hudai kupunguza mvutano kwa karibu asilimia 29. Hesabu hii ndiyo inayonivutia kuliko kisa chochote cha bendi hii. Kidole kilichojeruhiwa kinapata nafuu kubwa, na uzi unapata nafasi ya kucheza: ukipigwa kwa nguvu, sauti yake hupanda kidogo kwanza, kisha ndipo inashuka na kutulia.

Hata hivyo, kulegeza nyuzi peke yake hakuleti uzito. “Iron Man”, wimbo wao wa mwaka 1970, ni mzito bila nyuzi kulegezwa. Katika Master of Reality, mpangilio nao unasaidia: “Into the Void” inakuja mara baada ya “Solitude”, wimbo mpole ambamo Iommi anapiga filimbi.

Waliofuata walishuka zaidi. Bendi ya Kyuss wa Palm Desert, California, walitoa albamu ya Blues for the Red Sun mwaka 1992 gitaa likiwa chini kwa nusu-toni nne, mpigaji wao Josh Homme akilipitisha kwenye amplifaya za besi. Wapigaji wengi wa mtindo huu leo hufunga nyuzi nene ili zisilegee mno. Wanaipata noti ya chini, lakini mvutano unarudi pamoja na unene. Iommi alilegeza nyuzi ambazo tayari zilikuwa nyembamba, na ndiyo sababu mtu anaweza kutuni gitaa lake sawasawa na la “Children of the Grave” na bado asiipate ile sauti.