Njiwa akipinda shingo: maneno ya mtaani na ukweli wake

Bahasha ni dume la njiwa, rangi ya kaki, na ndiyo maana mwanangu alimpa jina hilo. Siku tuliyoambiwa ana mdondo, watu wanne walikuwa wameshatoa hukumu uani kwetu hapa Isevya, Tabora, kabla daktari wa mifugo hajafunga mkoba wake. Mmoja alitaka kisu. Wa pili alitaja jicho la watu. Wa tatu alisema dawa ya elfu mbili ingetosha. Wa nne alicheka tu: mtu mzima analipia daktari kwa ajili ya njiwa? Maneno yao nayaandika hapa, pamoja na mengine yaliyokuja baadaye, kwa sababu karibu kila moja nililiamini angalau kwa saa moja.

“Mdondo hauponi, wahi kisu”

Neno hili lina chanzo chake. Kwa kuku, mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufyeka banda zima kwa siku chache, na aliyefuga kuku wa kienyeji ameshazoa mizoga ya asubuhi. Basi mdondo ukitajwa tu, mkono unakimbilia kisu. Lakini njiwa wana aina yao ya kirusi hicho, ndugu wa kile cha kuku, na mwenendo wake ndani ya njiwa ni mwingine. Wako wanaokufa, hasa makinda na waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Wakubwa wengi wakitunzwa hupita salama. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo. Kinachombeba ndege ni chakula, maji, joto na utulivu wakati mwili wake unapambana, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Nilipomuuliza daktari kama nimchinje, aliniuliza swali moja: “Una muda asubuhi na jioni?” Nilikuwa nao.

“Jana alikuwa mzima kabisa”

Hakuwa. Ndege huficha ugonjwa, maana huko porini anayeonekana mnyonge ndiye mwewe anayeanza naye. Mpaka umkute amejikunyata, manyoya yamefumuka, macho nusu wazi, ameumwa siku kadhaa. Nikirudi nyuma nakumbuka dalili tatu ambazo mwanangu aliziona na mimi nikazipuuza. Bahasha alikuwa anakunywa maji mno. Kinyesi chake kilikuwa dimbwi la maji na vijikamba vichache katikati, nami nikasema ni joto la Oktoba. Na alikuwa akidonoa pembeni ya punje: anailenga, anashusha kichwa, mdomo unagonga sakafu sentimita moja kando. Mtoto alicheka, akasema Bahasha anahitaji miwani. Siku mbili baadaye shingo ikapinda mpaka utosi ukagusa ardhi.

“Hilo ni jicho, na nyumba ina ugomvi”

Kila mtu hapa anajua kwamba njiwa hukaa penye amani, na wakihama, basi kuna neno ndani ya nyumba. Jirani yangu, mama wa heshima zake, alinivuta kando akaniuliza taratibu kama mimi na mzee tuko sawa. Tuko sawa, ahsante. Njiwa huhama kwa sababu ya paka, kicheche, njaa au banda linalovuja, na shingo hupinda kwa sababu zinazoweza kutajwa moja moja.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza mengi. Shingo iliyopinda si jina la ugonjwa. Mdondo wa njiwa huipinda, ndiyo. Lakini bakteria wa salmonela nao huweza kuipinda, na hao wana dawa. Pigo la kichwa baada ya kugonga ukuta au dirisha huipinda. Upungufu wa vitamini B1 huipinda. Sumu pia, na kwa mkoa wetu wa tumbaku na mahindi hili la sumu si la kubahatisha: mbegu ya dukani iliyopakwa dawa, ile yenye rangi ya waridi au kijani, ikimwagika msimu wa kupanda, njiwa huiokota kama punje nyingine yoyote. Ndiyo maana daktari alianza kwa kuuliza kama kuna mtu amepanda karibu. Kisha akamfungua Bahasha mdomo, akamulika kwa tochi ya simu, akitafuta ule utando wa njano kama maziwa ya mgando yaliyokauka, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, wenye tiba. Akachungulia kinyesi, akampapasa mfupa wa kifua kuona nyama imepungua kiasi gani. Dakika kumi na tano hizo zilikuwa na thamani kuliko ushauri wote wa uani. Ukiambiwa ndege wako ana ugonjwa mzito, uliza kwanza umejulikanaje, na nini kingine kinafanana nao.

“Unga wa dukani unatibu kila kitu”

Ule wa njano, unaochanganywa na maji ya kuku. Niliununua kabla ya kumwita daktari, na muuzaji alinihakikishia. Unga huo ni antibiotiki. Huua bakteria, kirusi haukigusi. Tena kwa ndege anayekunywa kupita kiasi kama Bahasha, hujui amemeza dawa kiasi gani, na kwa yule asiyekunywa kabisa haumfikii. Daktari anaweza kuutoa akiona bakteria wamedandia mwili uliochoka, na hapo una kazi yake. Mwarobaini, shubiri na pilipili sitavitukana, bibi zetu walikuwa na kuku wazuri. Nasema tu kwamba ndege mwenye gramu mia tatu na kitu hana nafasi ya kujaribiwa dawa tatu kwa siku.

“Mfungue mdomo umimine uji”

Hapana. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, wazi. Ukimimina, unamzamisha. Usimbane kifua pia unapomshika. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hupumua kwa kupandisha na kushusha kifua, na mkono ulioshika kwa nguvu kwa kumpenda unaweza kumkata pumzi.

Tulichofanya ni hiki. Kunde zililowekwa usiku, zikachemshwa mpaka zikalainika, zikapoa. Namfunga Bahasha kwa kitambaa, mgongo wake kwenye tumbo langu, kichwa kikiwa huru. Kidole gumba na cha shahada vinafungua mdomo kutoka pembeni, mtoto anaweka punje moja nyuma ya ulimi, tunaachia, anameza. Moja. Nyingine. Punje 30 hivi asubuhi, 30 jioni. Kabla ya kuanza napapasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya koo: likiwa bado limejaa la jana, nasimama na kupiga simu, maana chakula kisichoshuka huchacha humo. Siku za kwanza zoezi hili lilichukua dakika arobaini na sote tulimaliza tumelowa jasho. Mwisho wa wiki ya pili lilikuwa la dakika nane.

Maji ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota na kuinua kichwa. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza. Hivyo bakuli la kina lilitosha, namsogezea, ncha ya mdomo ikigusa maji anafyonza mwenyewe. Na punje, badala ya kuzitawanya chini, tulizijaza kwenye kopo la majarini: akikosa anayoilenga anapata ya jirani yake.

Joto nalo halitaki mashine. Mwili wa ndege mzima uko kwenye nyuzi 41 hivi, na mgonjwa asiyekula hupoteza joto haraka. Boksi, matambara, chupa ya maji moto iliyozungushiwa kipande cha kanga, upande mmoja tu ili akizidiwa na joto ajisogeze. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake sote tunaujua. Jiko la mkaa lisikae chumba kimoja naye. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi.

“Atawaambukiza ninyi na watoto”

Kirusi cha mdondo kinaweza kumwekundisha mtu macho kwa siku chache, hasa aliyemshika ndege kisha akajifikicha. Sabuni na maji vinatosha. Wa kuhofiwa kuambukizwa ni kuku wa jirani. Bahasha alitengwa kwa wiki 6 hata baada ya kuchangamka, kwa sababu anayeonekana kupona bado anamwaga kirusi kwenye kinyesi. Viatu vya bandani vilibaki bandani. Kuku wetu walipewa chanjo ya tone la jicho, ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjo humkinga aliye mzima, mgonjwa haimtibu. Nililazimika kulirudia hili mara tatu kwa kaka yangu.

Kuna ugonjwa mwingine, wa bakteria, ambao watu huuita homa ya kasuku ingawa njiwa nao huupata. Huo ndio unaoweza kumpa binadamu homa kali na kikohozi cha kifua. Ukiugua hivyo nawe unafuga ndege, mwambie daktari wa hospitali unafuga ndege. Asipoambiwa hatauliza.

“Kasuku na njiwa ni yale yale”

Shemeji yangu wa Kigoma alinipigia kusema kasuku wa kijivu wa jirani yake alidondoka kutoka kwenye kijiti chake akitetemeka, basi ni mdondo huo huo. Si lazima. Kasuku wa kijivu anayelishwa alizeti na karanga tu hupungukiwa na madini ya kalisi, na kifafa chake mara nyingi hutokana na hilo; hutibika akiwahiwa. Huyo jirani aliogopa kumpeleka kwa daktari kwa kuwa hana kibali. Kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu Januari 2017 na kumfuga kunahitaji kibali cha wanyamapori, hilo ni kweli, nami simfundishi mtu kukwepa sheria. Ila kumficha ndege anayekakamaa chini ya kochi hakujamsaidia yeyote.

“Jike wake atakufa kwa huzuni”

Hakufa. Aliita siku tatu nne juu ya bati, akatulia. Kilichokufa ni mayai mawili. Njiwa huatamia kwa zamu, jike usiku, dume kuanzia asubuhi hadi alasiri, na zamu ya mchana ilibaki tupu.

“Mtoto asiambiwe”

Nilimwambia mwanangu, “Kesho atapona.” Kesho ikaja, shingo imepinda zaidi, akaniangalia tu. Jioni ile nilimweleza upya: ana ugonjwa mkubwa, anaweza kufa, anaweza kubaki na shingo hivyo, sisi kazi yetu ni kunde. Akauliza kama atachinjwa. Nikamwambia hachinjwi kwa sababu ya jina la ugonjwa. Ila tulikubaliana, na daktari akiwepo, ni nini kingetufanya tumpumzishe: akipumua kwa mdomo wazi bila kupumzika, gole likigoma kushuka, uzito ukiendelea kuporomoka pamoja na kulishwa. Tulimpima kila asubuhi kwenye mizani ya duka la mangi hapo kona, ndani ya mfuko wa karatasi. Gramu 310, 288, 271. Usiku wa 271 mtoto hakulala vizuri, wala mimi. Kisha 270. Kisha 276. Tulikuwa tumeshachagua na mahali pa shimo, chini ya mwembe, mbali na kisima, la kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mzoga wa mdondo hautupwi jalalani.

Yule wa nne, aliyecheka, ndiye aliyekuja kuuliza uzito kila siku.

“Shingo isiponyooka ni mateso”

Njiwa mwenye shingo inayopinda mara moja moja anaweza kula, kuoga, kupanda juu ya banda na kugombana na wenzake. Bahasha anafanya yote hayo, na amerudi kuatamia. Wengine shingo hunyooka moja kwa moja, wengine huwarudia wakishtuka, kwa miezi au kwa maisha yote. Yeye ni wa kundi hili la pili. Juzi treni ilipiga honi ndefu ikiingia stesheni, kichwa kikazunguka mpaka jicho moja likatazama mawingu. Mwanangu, sare ya shule mwilini, alimfunika kwa kanga yangu, akangoja, akachungulia, akafunika tena. Ilipotulia akamsogezea kopo, akachukua begi lake na kuondoka amechelewa.