Chembe nano za polima: insulini inavyotafutiwa njia ya mdomoni

Mgonjwa wa kisukari anayeanzishiwa insulini huuliza kwa haki kabisa: kwa nini isiwe kidonge? Metformini, dawa nyingine ya kisukari, humezwa, lakini insulini kwa kiasi kikubwa imebaki kuwa ya sindano tangu Januari 1922, pale Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipokuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo huko Toronto, Kanada.

Sababu ni kwamba insulini ni protini, yenye asidi amino 51 katika minyororo miwili. Ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage. Asidi huivuruga umbo, kimeng'enya cha tumboni kiitwacho pepsini huikatakata, na kilichobaki humaliziwa na kimeng'enya kingine, tripsini, ndani ya utumbo mwembamba. Hata ile inayonusurika bado ni molekuli kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Ikimezwa bila kinga yoyote, inayofika kwenye damu haifikii hata asilimia 1.

Chembe nano za polima ni vitufe vidogo mno vinavyobeba insulini ndani yake. Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vingi vilivyoungana, na zipo za asili na za kutengenezwa maabara. Vitufe vingi vya aina hii vina upana wa nanomita 100 hadi 300, wakati unywele mmoja wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Vinatakiwa kufanya kazi tatu: kuikinga insulini tumboni, kuivusha ukuta wa utumbo, kisha kuiachia ikiwa bado nzima.

Kila polima ina tabia yake. Aljineti, inayotokana na mwani wa kahawia (si ule mwekundu unaolimwa Zanzibar), hujikunyata penye asidi na kuvimba ikifika utumboni, hivyo huifungia insulini tumboni na kuifungulia mbele ya safari. PLGA, polima ya kutengenezwa maabara, huyeyuka taratibu na kuwa asidi ambazo mwili unazimudu. Ni jamii ileile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Kitosani, inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, ina chaji chanya, kwa hiyo hunata kwenye ute wa utumbo wenye chaji hasi, na pia hulegeza kwa muda maungio yanayobana seli za ukuta. Udhaifu wake ni kwamba asidi ikipungua utumboni, chaji hiyo hufifia, ndiyo maana wanakemia huibadilisha kidogo ili iendelee kuwa nayo.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye ule ute. Chembe inayonata sana hunaswa humo, na ute wenyewe hubanduka na kuondoka na chakula kila mara. Isiyonata kabisa hupita kwenye ute kwa urahisi, lakini ikifika kwenye seli haishikwi wala kumezwa. Watafiti sasa hutengeneza chembe zenye ganda la nje linaloteleza, ambalo hubanduka baada ya kupita ute na kuacha wazi uso unaopendwa na seli.

Faida inayotafutwa ni zaidi ya kuepuka maumivu ya sindano. Insulini ya kongosho hupitia kwanza kwenye ini, na ini ndilo linalohifadhi sukari au kuiachia. Ya sindano husambaa mwilini kabla ya kufika huko. Inayofyonzwa utumboni huelekea kwenye ini moja kwa moja, kama ya asili.

Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa, Christiane Damgé na Patrick Couvreur wakiwa miongoni mwao, waliwapa panya wenye kisukari vifuko vya aina hii, na sukari yao ikashuka kwa siku kadhaa. Tangu hapo majaribio kwa wanyama yamekuwa mengi sana, lakini hakuna kidonge cha insulini cha chembe nano kilichoidhinishwa kwa wagonjwa. Anayekiuza leo anadanganya, na mgonjwa anayeacha sindano kwa ajili yake anahatarisha maisha.

Kinachokwamisha ni kipimo. Novo Nordisk iliwahi kujaribu kidonge cha insulini kisichotumia chembe nano. Kilishusha sukari ya wagonjwa wa kisukari aina ya pili, lakini kampuni ikasitisha kwa sababu kilihitaji insulini nyingi mno. Semaglutaidi ya kumeza, dawa nyingine ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, nayo hufyonzwa kidogo sana, ila hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo upungufu wa leo hufidiwa na kipimo cha kesho. Insulini haina nafasi hiyo. Ikifyonzwa pungufu baada ya mlo, sukari inapanda. Ikifyonzwa maradufu siku ambayo tumbo ni tupu, inashuka hadi mtu anaweza kupoteza fahamu. Kwa hiyo chembe nano inayofaa lazima ipitishe kiasi kilekile kila siku, awe mtu amekula ugali, amekunywa chai tu, au ameshinda na njaa.