Je, wajua kwamba filamu ya vichekesho Airplane! ilitokana na tamthilia ya televisheni?

Waulize wapenzi wa vichekesho vya Marekani kwamba Airplane! ya mwaka 1980 ilikuwa inaitania filamu gani, na wengi watakutajia zile za maafa ya ndege zilizotamba miaka ya 1970, kuanzia Airport. Wana haki kiasi. Kile kisa cha msichana mgonjwa anayeimbiwa kwa gita ndani ya ndege kimetoka Airport 1975. Lakini mifupa ya hadithi, tangu abiria wanapopanda hadi magurudumu yanapogusa ardhi, ni ya tamthilia iliyorushwa na televisheni ya Kanada, CBC, tarehe 3 Aprili 1956. Iliitwa Flight into Danger.

Mwandishi wake, Arthur Hailey, alikuwa Mwingereza aliyehamia Kanada baada ya kuwa rubani wa jeshi la anga katika Vita vya Pili vya Dunia. Siku moja, akiwa abiria wa kawaida, alijiuliza: marubani wote wawili wakiugua kwa chakula, mimi ningeweza kuitua hii ndege? Swali hilo likawa tamthilia. Ndege iko safarini kwenda Vancouver, waliokula nyama wako salama, waliokula samaki wanaanguka mmoja mmoja, marubani wakiwemo. Abiria aliyewahi kurusha ndege ndogo za kivita anakalishwa kwenye usukani na kuelekezwa kwa redio. Mhusika huyo aliigizwa na James Doohan, ambaye baadaye alikuja kujulikana kama injinia Scott wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za anga za juu.

Tamthilia za televisheni wakati ule zilichezwa mubashara studioni, na ndiyo maana hadithi hii imebana hivyo. Mandhari ni chache: chumba cha rubani, viti vya abiria, na chumba cha waongozaji wa ndege walioko ardhini. Mazungumzo yanapita redioni na saa inakimbia. Hakuna tukio la kupamba tu.

Mwaka 1957 Hailey alishiriki kuigeuza kuwa filamu ya sinema, Zero Hour!, na hiyo ndiyo iliyofika mikononi mwa wachekeshaji. Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, walikuwa na kikundi chao cha maigizo. Usiku waliacha mashine ya video ikirekodi televisheni ili wapate matangazo ya biashara ya kutania. Siku moja kanda ikanasa Zero Hour!. Waliona kwamba ile hadithi, kwa jinsi ilivyo na uzito, tayari imebeba kichekesho kizima. Kwa kuwa walitaka kuichukua karibu yote, walinunua haki zake.

Ukitaka ushahidi, zitazame mbili hizo zikifuatana. Shujaa wa Zero Hour! anaitwa Ted Stryker, wa Airplane! ni Ted Striker, herufi moja tu imebadilika. Mke Ellen amekuwa mpenzi Elaine. Mtoto anayetembelea chumba cha rubani ni Joey katika zote mbili. Daktari anasema, karibu neno kwa neno, kwamba uhai wa wote unategemea kumpata mtu anayeweza kurusha ndege na ambaye hakula samaki. Hata alama ya mshangao kwenye jina imerithiwa. Rubani wa 1957 aliigizwa na nyota wa mpira wa Kimarekani, Elroy Hirsch. Mwaka 1980 rubani msaidizi akawa Kareem Abdul-Jabbar wa mpira wa kikapu. Na wengi hawalisikii hili: ndege ya Airplane! ni ya jeti, lakini inanguruma kama ya mapangaboi, kwa sababu ya Zero Hour! ilikuwa ya mapangaboi.

Namna walivyogeuza ni ya kujifunzia. Katika Zero Hour! mtu anayeielekeza ndege kutoka ardhini analalamika mara moja kwamba amechagua wiki mbaya ya kuacha sigara. Airplane! inaubakiza mstari huo, kisha inaurudia: amechagua wiki mbaya ya kuacha pombe, halafu vidonge, halafu kunusa gundi. Mstari wa kwanza unasemwa bila utani, na hapo ndipo unapopatikana msingi wa kupandishia mzaha. Ndiyo maana pia waliwachukua Leslie Nielsen, Robert Stack, Lloyd Bridges na Peter Graves, waigizaji waliozoeleka kwa uzito, wakawaambia wacheze bila kutabasamu. Mwigizaji akionyesha kwamba anajua anachekesha, hofu ya ajali inapotea, na kicheko kinapotea nayo.

Cha kufurahisha ni kwamba Airport nayo ilitokana na riwaya ya Hailey huyo huyo. Hivyo popote unapoipasua Airplane!, unamkuta yeye.

Abrahams na ndugu Zucker walirudia mbinu hiyo mwaka 1982 kwa kipindi cha televisheni ya Marekani ya ABC, Police Squad!, walichokifinyanga kutoka mfululizo wa polisi wa miaka ya 1950, M Squad. Kilifutwa baada ya vipindi 6 tu. Mkuu wa ABC alieleza kwamba kilimlazimu mtazamaji akitazame kweli kweli, kwani vichekesho vingi vilikuwa nyuma ya wahusika, visivyosikika kwa mtu aliye jikoni. Mwaka 1988 mpelelezi wa kipindi hicho, Frank Drebin, alipelekwa kwenye ukumbi wa sinema, ambako macho yote yako kwenye skrini, na The Naked Gun ikavuma.