Je, wajua dagaa wa Zanzibar wanaweza kukupa supu ya Kijapani?

Mapishi mengi ya Kijapani huanzia kwenye dashi, supu nyepesi inayobeba supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa), mchuzi wa tambi za udon na mboga za kuchemsha. Dashi inayojulikana zaidi hutokana na vitu viwili ambavyo huku kwetu ni adimu: kombu, mwani mpana wa maji baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyefukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama gogo.

Mwaka 1908, mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kuwa ladha nono ya kombu inatokana na glutamati, kemikali ya asili iliyomo ndani yake. Mwaka 1913, Shintaro Kodama akaikuta inosinati, kemikali nyingine ya ladha hiyo, ndani ya katsuobushi. Zikikutana mdomoni, kila moja huikoleza nyenzake. Basi mbadala tunaoutafuta ni jozi hiyo.

Inosinati tunayo sokoni. Wajapani wenyewe hupika dashi ya niboshi, dagaa wa baharini waliochemshwa ndipo wakaanikwa, na dagaa wa Zanzibar hutengenezwa vivyo hivyo, kwa maji ya chumvi. Kule kuchemsha huzima vimeng'enya ambavyo vingeivunjavunja inosinati. Kwa hiyo mimi nawachagua hawa kuliko dagaa wa ziwani, ambao mara nyingi huanikwa wabichi.

Kwa glutamati, chukua nyanya zilizoiva sana, hasa ule ute unaozunguka mbegu. Anayepika dagaa wa nyanya nyumbani tayari anaijua ladha ya jozi hii. Usidanganywe na jina ukatumia mwani unaolimwa Zanzibar badala ya kombu: ni wa aina nyingine kabisa, na ukiuchemsha hutoa utelezi unaogandisha supu.

Toa vichwa na matumbo ya dagaa, maana humo ndimo mna uchungu. Loweka konzi moja katika lita moja ya maji baridi kwa nusu saa au usiku kucha. Kamua ute wa nyanya mbili kwa kitambaa safi, maji yake yaingie sufuriani. Washa moto mdogo, engua povu, na vikianza kutokota acha dakika kama kumi bila kufunika, kisha chuja. Onja kabla ya kutia miso au sosi ya soya, kwa sababu dagaa hao wameshakuja na chumvi yao.